Filamu ya Malev itafsiriwe, isifichwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye maoni yake mliyachapa katika ukurasa wa burudani. Aliandika kuhusu Malev, filamu ya vichekesho iliyotolewa Estonia mwaka 2005 na kuongozwa na Kaaren Kaer, inayowaonyesha Waestonia wa kale, watu wa dini ya mababu zao, wakivamiwa na Wajerumani waliokuja kuwabatiza wapende wasipende. Mwenzangu alitoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba filamu inaukejeli ubatizo. Ya pili, kwamba ni aibu kuchekea vita vilivyoteketeza vijiji vizima. Akamalizia kwa kushauri isitiwe tafsiri ya Kiswahili, kwa sababu watazamaji wetu hawatapata humo ila matusi. Hoja zake nimezisoma kwa heshima, lakini ushauri wake naupinga kwa nguvu zangu zote.

Nimeolewa Viljandi, mji mdogo wa kusini mwa Estonia. Wanangu wanasoma hapa, kazi yangu iko hapa, na Jumapili nasali katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Paulo. Mwendo mfupi kutoka kanisani kuna vilima vinavyoangalia ziwa, vyenye magofu ya ngome ya Wajerumani, na kabla ya ngome hiyo palikuwa na boma la Waestonia wenyewe. Yaliyotokea katika boma hilo mwaka 1223 ndiyo hasa yanayonifanya niitetee filamu, na nitayafikia.

Filamu yenyewe haihitaji maneno mengi. Ni mwaka 1208, Wajerumani wanaingia, na kijana aitwaye Uru anajikuta katikati ya mambo mazito kuliko umri wake. Mizaha mingine ni ya kitoto, mingine inauma, na sidai kwamba ndiyo kazi bora kuliko zote za sinema ya nchi hii. Lakini mwenzangu amekosea kuhusu kinachochekwa. Waestonia waliotengeneza filamu hiyo hawakukaa chini kuwacheka wafu wao. Waliicheka hadithi waliyolelewa nayo kuhusu wafu hao.

Hadithi hiyo kila mtoto wa hapa anaijua. Binti yangu alirudi nayo kutoka shule akiwa bado mdogo: kwamba kuanzia 1208 hadi 1227 mababu walipigania uhuru wao, kwamba mzee Lembitu wa Sakala, wilaya ya kale ya huku kwetu, aliwakusanya watu wa wilaya mbalimbali na kuuawa vitani siku ya Mtakatifu Mathayo, tarehe 21 Septemba 1217, karibu na hapa hapa Viljandi, na kwamba baada ya hapo yakafuata mamia ya miaka ya utumwa. Ni hadithi ya kweli katika mifupa yake. Nyama iliyovishwa ndiyo iliyoongezwa na vizazi vya baadaye. Mwaka 1868 Carl Robert Jakobson alisimama mbele ya watu mjini Tartu akaigawa historia ya taifa lake sehemu tatu: nuru kabla ya Wajerumani, giza chini ya Wajerumani, kisha mapambazuko. Watu waliokuwa wamedharauliwa kwa muda mrefu katika nchi yao wenyewe walihitaji maneno hayo, na nani angewalaumu? Baada ya vita vya uhuru vya 1918 hadi 1920, mji wa Suure-Jaani, si mbali na hapa, ulijenga kumbukumbu ya waliokufa, na mchongaji Amandus Adamson akaweka pale sanamu ya Lembitu. Mzee wa karne ya 13 akawa shahidi wa askari wa karne ya 20.

Kisha wakaja Wasovieti, nao wakaikuta hadithi hiyo inawafaa. Mama mkwe wangu alisoma shule enzi hizo. Anasema katika vitabu vyao Mjerumani ndiye aliyekuwa adui wa milele, na Mrusi alikuwa rafiki aliyekuja kusaidia, basi. Kwamba wakuu wa Novgorod na Pskov, miji ya Warusi, nao walikuwa wakiivamia nchi hii, wakichukua mali na mateka, hilo lilipitwa haraka. Tulipoitazama filamu pamoja, mama alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akanyamaza kidogo, akaniambia kuwa utoto wake wote hakuna aliyemwambia kwamba watu hao wa kale waliwahi kuogopa, au kukosea, au kuwa na njaa. Walikuwa wamesimama tu na mikuki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenzangu hakuligusa hata kidogo. Karibu yote tunayoyajua kuhusu vita hivyo yametoka katika kitabu kimoja, na kitabu hicho kiliandikwa na mtu wa upande ulioshinda. Ni padri Henrik, ambaye hapa anaitwa Läti Henrik. Alikuwa padri kati ya Walatvia, alijua lugha za huku, alikuwa mkalimani, alibatiza kwa mikono yake, na kufikia mwaka 1227 alikuwa ameandika kwa Kilatini historia ya namna askofu Albert, aliyeuanzisha mji wa Riga mwaka 1201, alivyozitia nchi hizi katika Ukristo. Waestonia wa wakati huo hawakuacha hata ukurasa mmoja wao wenyewe. Kutoka boma la Lõhavere, linalodhaniwa kuwa la Lembitu, wachimbaji walitoa kikasha cha gome la mti chenye shanga na vitu vya kazi za mikono za mwanamke fulani. Jina lake hatulijui. Hicho ndicho kimya tunachokizungumzia: upande mmoja umetuachia kitabu, upande mwingine umetuachia shanga.

Namwomba mwenzangu akisome kitabu hicho. Henrik hakuwa na nia ya kuchekesha mtu. Aliandika kwa imani kamili, tena aliandika vizuri. Lakini humo ndani kuna visa ambavyo hakuna mwandishi wa vichekesho angethubutu kuvibuni.

Kuna mtawa aitwaye Theodoric, mmoja wa wamisionari wa mwanzo. Alikuwa akilima shamba kati ya Waliv wa Turaida, watu ambao ni ndugu wa Waestonia kwa lugha, katika nchi ambayo leo ni Latvia. Mvua zikaharibu mashamba yao, shamba lake likastawi. Waliv wakaamua kumtoa sadaka kwa miungu. Ili kujua miungu inasemaje, wakalaza mkuki chini na kumpitisha farasi juu yake: akitanguliza mguu wa uzima, mtawa atapona, akitanguliza mguu wa kifo, atakufa. Farasi akatanguliza mguu wa uzima. Mpiga ramli akasema hapana, Mungu wa Wakristo amekaa mgongoni mwa farasi na ndiye anayemsukuma mguu, basi mgongo ufutwe ili Mungu huyo aanguke. Wakaufuta mgongo wa farasi. Farasi akapitishwa tena, akatanguliza mguu ule ule. Theodoric akaachwa hai.

Simameni hapo kidogo, ndugu wasomaji. Mtu amesimama akisubiri kuuawa, na watu wazima wanapangusa mgongo wa farasi kwa uangalifu ili wamdondoshe Mungu asiyeonekana. Henrik anaona muujiza. Mimi naona watu wenye mantiki yao kamili: wamekubali kwamba Mungu wa mgeni yupo, wamekubali ana nguvu, wanachotaka ni mchezo uwe wa haki. Kuna ucheshi hapo na kuna hofu ya kweli, na huwezi kuvitenga. Anayesema jambo hili lielezwe kwa uso uliokunjwa peke yake, anaondoa nusu ya ukweli wake.

Theodoric huyo huyo alitumwa Estonia, na mwaka 1191, siku ya Yohane Mbatizaji, jua likapatwa. Watu wakasema yeye ndiye anayelila jua. Nusura wamuue. Akaponea tena. Miaka ikapita, akafanywa askofu wa Waestonia, na mwaka 1219 akaja pamoja na mfalme Valdemar wa Pili wa Denmark kwenye pwani ambayo leo ni Tallinn. Waestonia walipoishambulia kambi ile ghafla, waliingia katika hema wakamuua mtu waliyedhani ni mfalme. Alikuwa Theodoric. Aliyenusurika kwa mguu wa farasi na kwa kupatwa kwa jua alikufa kwa sababu ya kukaa katika hema zuri kupita kiasi. Nalia na kucheka kila ninapokisoma kisa chake, na sioni kwamba nimemkosea marehemu.

Kisa kingine kinahusu maigizo moja kwa moja, ndiyo maana nastaajabu kwamba wanaozungumza juu ya filamu hii hawakitaji. Katika majira ya baridi ya 1205 kuingia 1206, wageni wa Riga waliandaa mchezo mkubwa wa kuigiza habari za manabii katikati ya mji, ili wapagani na waliobatizwa karibuni wajifunze imani kwa macho. Mkalimani alikuwapo, akiwaeleza kila kinachotendeka. Mambo yakaenda vizuri hadi jeshi la Gideoni lilipowashambulia Wafilisti. Watazamaji walipoona watu wenye silaha wakipigana mbele yao, wakatimua mbio, wakidhani sasa wanauawa. Ikabidi waitwe kwa upole warudi. Henrik anaongeza kuwa mchezo ule ulikuwa kama utangulizi wa mabaya yaliyokuwa yanakuja, na alisema kweli, maana vita vilikuja. Wale waliokimbia hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekwisha kuwaona wageni hao hao na silaha hizo hizo nje ya maigizo. Nani kati yetu angebaki amekaa?

Sasa hoja ya ubatizo, na hapa naomba nisikilizwe kama Mkristo. Ubatizo naupenda. Wanangu wote wamebatizwa, na kila mmoja wao niliposhika kichwa chake juu ya maji nilitetemeka. Kwa sababu hiyo hiyo siwezi kuyasoma yaliyotokea baada ya mwaka 1219 bila uchungu. Wadenmark walikuwa wametua kaskazini, Wajerumani wa Riga wakipanda kutoka kusini, na kila upande ulijua kwamba kijiji kilichobatizwa na makasisi wake kitahesabiwa kuwa chake. Mashindano yakaanza. Wadenmark hawakuwa na mapadri wa kutosha kufika kila mahali, basi wakaagiza misalaba mikubwa ya mbao itengenezwe katika vijiji vyote, na wakawapa wanakijiji maji ya baraka wakawabatize wanawake na watoto wao wenyewe. Mkulima ambaye pengine wiki iliyopita alikuwa hajui Kristo ni nani anabeba chombo cha maji kwenda kijiji cha jirani kubatiza, ili padri wa Riga akifika akute kazi imekwisha. Henrik alikuwa mmoja wa hao mapadri wa Riga. Alitembea kijiji hadi kijiji akibatiza, na ukimsoma unahisi hasira yake kila anapokuta Mdenmark amemtangulia.

Tabelin, mzee wa Virumaa, alikubali ubatizo wa Riga na kumtoa mwanawe awe dhamana kwa Ndugu wa Upanga, wale watawa wapiganaji wa Kijerumani. Wadenmark wakamnyonga. Kosa lake lilikuwa kubatizwa, kwa jina la Utatu ule ule na kwa maji ya mito ile ile, ila na mkono usio wao. Mwenzangu anasema filamu inakejeli ubatizo. Naomba anionyeshe mcheshi yeyote wa sinema aliyeukejeli ubatizo kiasi cha hao waliomnyonga Tabelin.

Wala mimi si wa kwanza kulisema hilo. Kanisa lenyewe lililiona. Mwaka 1225 Papa alimtuma mjumbe wake, William wa Modena, na Henrik anaandika waziwazi kwamba mjumbe huyo alizunguka nchi akiwaonya Wajerumani wasiwatwike waliobatizwa karibuni nira nzito mno, wasije wakarudi kwenye upagani. Kama mjumbe wa Papa aliweza kusimama katikati ya washindi na kuwaambia wamezidisha, sisi tunalinda heshima ya nani tunapokataza watu wasicheke?

Nirudi Viljandi. Mwezi Januari 1223, siku ya Jumapili, Waestonia wa Sakala waliwageukia Ndugu wa Upanga waliokuwa wakiishi nao katika boma hili wakawaua, wengine wakiwa ibadani. Mambo ya kutisha yalitendeka mwaka ule, pande zote, na sitayapamba. Lakini tazameni walichokifanya baada ya hapo. Waliwachukua tena wake zao waliolazimishwa kuwaacha walipokuwa Wakristo. Waliwafukua wafu wao kutoka makaburi ya kanisa wakawachoma kwa desturi ya mababu. Kisha wakachukua maji na mafagio wakajisafisha miili yao, wakasafisha nyumba zao, wakasafisha boma zima, ili waufute ubatizo katika nchi yao.

Maji na mafagio. Kila Jumamosi jioni mama mkwe wangu anawasha moto wa sauna nyuma ya nyumba, na ukutani kuna vifungu vya matawi ya mti wenye gome jeupe, ambao hapa unaitwa kask, yaliyokatwa wakati wa kiangazi na kukaushwa na majani yake. Unaviloweka katika maji ya moto hadi majani yalegee na kutoa harufu, kisha unajipigapiga nacho mabegani, mgongoni, nyuma ya magoti, na majani mengine yanabaki yamegandia kwenye ngozi. Henrik hakusema mafagio yao yalikuwa ya mti gani. Ila mimi kila nikikishika kifungu kile nawaona wanawake wa boma la Viljandi, mwezi ambao huenda ziwa lilikuwa limeganda na theluji imefika magotini, wakisugua milango na watoto ili kuondoa kitu ambacho wao waliamini kabisa kwamba kimeshika. Ndiyo, waliamini. Mtu hasugui asichokiamini. Walikuwa wameupa ubatizo uzito mkubwa kuliko wengi waliouleta.

Waliv walikuwa wamefanya jambo kama hilo mwaka 1198, baada ya askofu Berthold kuuawa na jeshi lake kuondoka. Walijimwagia maji ya mto Daugava wakisema wanauosha ubatizo na kuurudisha kwa Wajerumani walioondoka kwa merikebu. Kisha wakaona kichwa cha mtu kilichochongwa kwenye tawi la mti na mmoja wa wageni hao. Wakahofu ni mungu wa Wajerumani aliyeachwa awaletee mafuriko na maradhi. Wakapika pombe ya asali, wakanywa, wakashauriana, wakakikata kichwa kile, wakakifunga juu ya magogo yaliyounganishwa na kukituma baharini kiwafuate wenyewe. Huyo aliyekichonga huenda alikuwa askari aliyechoka kusubiri, akichezea kisu. Hakuna aliyekuwa mwovu katika kisa hicho, na hakuna aliyekuwa mpumbavu. Walikuwa watu wa pande mbili wasiojuana hata kidogo, na mto katikati.

Haya yote mwishowe yalizimwa. Viljandi ilitekwa tena Agosti mwaka ule ule wa 1223, katika joto na harufu ya maiti. Tartu ikaanguka mwaka 1224. Mwanzoni mwa 1227 jeshi lilivuka bahari iliyoganda kwenda kisiwa cha Muhu na kisha Saaremaa, na watu wa Valjala, boma la Saaremaa, wakaomba amani na ubatizo. Uasi mkubwa wa mwisho ulianza usiku wa Mtakatifu Georgi mwaka 1343, ukashindwa, na mwaka 1346 mfalme wa Denmark akaiuza sehemu yake ya nchi hii kwa Wajerumani kwa marki 19,000 za fedha, pamoja na waliomo. Utwana wa wakulima haukufutwa hadi 1816 kaskazini na 1819 huku kusini. Naelewa basi kwa nini mwenzangu anaona si jambo la kuchekea.

Lakini wafiwa ni nani? Ni hawa hawa waliotengeneza filamu. Waliosongwa na hadithi ya giza la mamia ya miaka, wakarudishiwa uhuru wao tarehe 20 Agosti 1991, na ndani ya miaka 14 wakawa na utulivu wa kutosha kumvua Lembitu uzito wa sanamu na kumfikiria kuwa mtu. Msibani kila mtu anajua kwamba mzaha wa mfiwa haufanani na mzaha wa mpita njia. Mwenzangu amesimama mlangoni akiwanyamazisha wenye msiba.

Tena kuna faida nyingine, nayo inawahusu watazamaji. Sanamu haimfanyi mtu atake kusoma. Mwanangu wa kiume alikuwa hamjali Lembitu hata chembe. Baada ya filamu alianza kuuliza maswali: je, ni kweli walikuwa na maaskofu wenye kupigana? Je, ni kweli kulikuwa na Mliv aliyekwenda Roma? Nikamwambia ndiyo, ni Kaupo wa Turaida, aliyepelekwa mbele ya Papa Innocent wa Tatu, akarudi na vipande 100 vya dhahabu, akapigana upande wa Wakristo hadi mwisho, na akafa vitani siku ile ile aliyokufa Lembitu. Akakaa akifikiri muda mrefu. Akauliza ni yupi kati yao aliyekuwa sahihi. Sikumjibu, kwa sababu alikuwa na haki ya kulibeba swali hilo yeye mwenyewe.

Mwenzangu aliandika pia kuwa watazamaji wa Kiswahili watawaona Waestonia wale kuwa watu wa porini waliostahili kustaarabishwa. Hofu hiyo naiheshimu kuliko hoja zake nyingine zote. Inawezekana kabisa. Mtu asiyejua lolote kuhusu Tabelin, kuhusu Theodoric, kuhusu mafagio ya Viljandi, akiona mpagani anachekesha kwenye skrini anaweza kumcheka yeye badala ya kuicheka hadithi. Dawa yake ni kumpa mtazamaji habari kabla hajakaa. Kuificha filamu hakumfundishi kitu.

Kwa hiyo nina ombi, Mhariri, kwako na kwa yeyote anayefikiria kuitafsiri. Filamu itiwe maandishi ya Kiswahili, na kabla ya kuonyeshwa, mtu mmoja asimame kwa dakika kumi awasomee watazamaji visa viwili au vitatu vya Henrik: cha farasi, cha mchezo wa Riga, na cha Viljandi. Asivifafanue. Avisome tu kama vilivyo, halafu taa zizimwe. Kiestonia nakizungumza nyumbani kila siku, na mama mkwe wangu yupo tayari kukaa nami tuyapitie maneno magumu sentensi kwa sentensi. Sitaki malipo. Ukipenda, hata visa hivyo vitatu naweza kuviandika kwa Kiswahili kwa ajili ya gazeti lako, ili mwenzangu naye avisome, kisha aniandikie tena kama bado ana shaka. Nitamjibu.

Msomaji wako,
Mama wa watoto watatu,
Viljandi, Estonia